Nyimbo zimeingia kwenye kadi lakini redio haipigi: sababu na namna ya kurekebisha

Redio ndogo yenye tundu la flashi na memori kadi sasa ni kifaa cha kawaida katika nyumba nyingi za Kitandililo na vijiji vingine vya Makambako na Njombe. Inachajiwa kwa sola, inakamata stesheni, na mawimbi yakikatika inapiga nyimbo, mahubiri au kipindi ulichokihifadhi. Pamoja na urahisi huo, malalamiko ya wasikilizaji yanafanana: nyimbo zilizopiga vizuri kwenye simu hazionekani redioni, zinapigwa bila mpangilio, zinakwamakwama, au kadi nzima inasemekana imekufa na fundi anataka kuifomati.

Mara nyingi hakuna kilichokufa. Kuna tofauti ndogo kati ya simu, kompyuta na redio ambazo mtu akizijua anaokoa nauli ya kwenda mjini na pesa ya kulipia kazi ile ile mara mbili. Tena kwenye kadi hizo hakuna nyimbo za kununua tu. Kuna kwaya ya usharika iliyorekodiwa kwa simu, kuna babu akisimulia ukoo ulikotoka, kuna salamu za mtu ambaye sasa ni marehemu. Wimbo wa Bongo Fleva ukifutika utaupata tena. Sauti ya marehemu ikifutika, imekwenda. Ndiyo maana tumeandika makala haya kwa kirefu. Yahifadhi uyasome siku utakapokwama.

Kunakili si kusawazisha

Tuanze na maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kunakili ni kuchukua wimbo uliopo kwenye simu au kompyuta na kuweka nakala yake kwenye kadi. Wimbo wa kwanza unabaki ulipo, na wa pili unakuwa kwenye kadi. Kusawazisha ni jambo jingine: programu inahakikisha pande mbili zinafanana. Ukiongeza huku, inaongeza kule. Ukifuta huku, inafuta kule pia. Hapo ndipo wengi wameumia.

Vifaa vya kwanza vya kubeba MP3 vilianza kuuzwa mwaka 1998. Kimoja kilichopata umaarufu, Rio PMP300, kilikuwa na nafasi ya MB 32, yaani nyimbo zisizofika kumi za ubora wa kawaida. Mwaka 2001 kampuni ya Apple ilitoa iPod yenye GB 5. Lakini iPod haikupokea nyimbo kwa kunakili tu kama flashi. Ilitaka programu iitwayo iTunes, na ilifungamana na maktaba ya kompyuta moja. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya mtu mwingine na kukubali kusawazisha, nyimbo zako zote zilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na za kompyuta ile. Sony nao, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuwa na vifaa visivyopiga MP3 moja kwa moja. Kila wimbo ulibadilishwa kwanza kuwa aina yao wenyewe kwa kutumia programu yao. Watu wa Ulaya na Marekani walizilalamikia programu hizo kwa miaka mingi.

Kisa hicho cha mbali kinatuhusu. Mwenye iPhone ya mitumba atakuta mambo ni yale yale: huwezi kuburuta wimbo kutoka kwenye kompyuta na kuuweka kwenye muziki wa simu hiyo kama unavyofanya kwenye memori kadi. Lazima upitie programu ya Apple, na ukikubali isawazishe na kompyuta ya steshenari, nyimbo ulizokuwa umeziweka kutoka kompyuta nyingine zinaweza kuondolewa. Ukiona programu inauliza kama ifute na kusawazisha, jibu hapana mpaka uwe na nakala pengine.

Kwenye simu za Android, mtego uko upande wa picha na video. Google Photos ikiwa imewashwa kuhifadhi mtandaoni, ukifuta video ya kwaya ndani ya programu hiyo kwa kutafuta nafasi, inafutika kwenye simu na mtandaoni kwa pamoja. Hukaa kwenye kapu la taka siku 60, kisha huondoka kabisa. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, jiulize: je, ninaondoa nakala moja, au ninaondoa zote?

Waliotumia kanda za kaseti wanaijua hofu hii. Kanda uliyoipenda uliivunja vile vimeno viwili vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Memori kadi ndogo haina kimeno. Kinga yake ni nakala ya pili.

Redio inasoma faili za aina gani?

Simu janja inapiga karibu kila aina ya sauti. Redio ndogo haiwezi. Nyingi zinapiga MP3, na baadhi WAV na WMA. Hapo ndipo nyimbo zinapopotea, kumbe zipo ila redio inaziruka kwa sababu haizielewi.

Angalia herufi za mwisho za jina la faili:

- MP3: karibu kila redio inapiga.
- M4A: nyimbo nyingi zinazopakuliwa kutoka video za mtandaoni, na sauti zinazorekodiwa na simu nyingi. Redio ndogo nyingi haziipigi.
- OPUS: ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Redio ndogo kwa kawaida haiipigi.
- AMR: sauti iliyorekodiwa na kitochi. Ni nyepesi sana, dakika moja haifiki KB 100, lakini redio nyingi haziitambui.
- WAV: nzito. Ikiwa ya ubora wa CD, dakika moja inakula kama MB 10.

Kubadilisha jina kutoka OPUS kuwa MP3 hakusaidii. Ni sawa na kuandika "mchele" kwenye gunia la mahindi. Ukilifungua ni mahindi. Faili yenyewe lazima igeuzwe na programu. Kwenye kompyuta, programu ya bure ya VLC inafanya kazi hiyo: fungua Media, chagua Convert / Save, weka faili yako, kisha chagua MP3. Kwenye simu zipo programu nyingi za kugeuza sauti. Ijaribu kwa faili moja kabla ya kugeuza zote, na usifute ile ya kwanza mpaka umesikiliza mpya hadi mwisho.

Kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, fungua programu ya faili kwenye simu, ingia Android, kisha media, kisha com.whatsapp, kisha WhatsApp, kisha Media. Humo kuna folda ya ujumbe wa sauti. Sauti za wazee zilizotumwa kwenye kundi la ukoo ziko humo, kama simu yako ilizipakua na hazijafutwa.

Kadi yenyewe: TF, FAT32 na exFAT

Kwenye redio nyingi pameandikwa TF. Watu huuliza TF inauzwa wapi. Ni memori kadi ile ile ndogo ya simu. Ilipoanza mwaka 2004 iliitwa TransFlash, na mwaka 2005 ikapewa jina la microSD, lakini viwanda vingi vimebaki na herufi za zamani.

Kila kadi ina namna ilivyopangwa ndani, kama ghala lilivyopangwa rafu zake. Kadi za kuanzia GB 4 hadi 32 hutoka kiwandani zikiwa na mpango uitwao FAT32. Zinazozidi GB 32 hutoka na mpango uitwao exFAT. Redio ndogo nyingi zinaijua FAT32 peke yake. Ukichomeka kadi ya GB 64, redio inakaa kimya, na wewe unadhani kadi ni mbovu au redio imeungua.

Kwa redio ya nyumbani, nunua kadi ya GB 8 au 16, isizidi 32. Inatosha sana. Wimbo wa dakika nne wa MP3 ya ubora wa kawaida, ule wa 128, una kama MB 4. Kadi ya GB 8 inabeba karibu nyimbo 2,000, au vipindi vya zaidi ya saa 100.

Ikibidi kufomati, hamisha kwanza kila kitu kwenda simu au kompyuta, chagua FAT32, kisha rudisha. Na kama kadi iko ndani ya adapta yake kubwa na kompyuta inakataa kuandika, tazama kitufe kidogo pembeni mwa adapta. Kikiwa upande wa kufunga, hakuna kinachoingia. Kisukume upande wa pili.

Simu ikiimeza kadi

Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu nyingi ukizichomekea kadi mpya zinauliza: itumike kama hifadhi ya kubebeka au kama hifadhi ya ndani? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana.

Ukichagua hifadhi ya ndani, simu inaifomati kadi na kuifunga kwa siri ambayo simu hiyo peke yake inaijua. Ukiitoa na kuiweka redioni, haisomeki. Ukiipeleka kwenye kompyuta, inaomba ifomatiwe. Na simu hiyo ikianguka mtoni au ikiharibika kabisa, kila kilichokuwemo kwenye kadi kimekwenda nayo, hata kama kadi yenyewe ni nzima.

Kwa kadi ya nyimbo, chagua hifadhi ya kubebeka. Kama tayari ulichagua ya ndani, usiitoe kadi. Hamisha kwanza vitu kwenda simu nyingine au kompyuta simu ikiwa bado inafanya kazi, kisha ndipo uifomati upya kama ya kubebeka.

Simu na kompyuta haziongei

Umechomeka simu kwenye kompyuta, inachaji, lakini kompyuta haioni kitu. Sababu mbili ndizo za kawaida.

Ya kwanza ni waya. Baadhi ya waya za bei ndogo zina nyuzi za umeme pekee, hazina nyuzi za kupitisha data. Waya wa aina hiyo utachaji maisha yote na hautapitisha hata wimbo mmoja. Jaribu waya mwingine kabla ya kulaumu simu.

Ya pili ni simu yenyewe. Android za siku hizi huanza na hali ya kuchaji tu. Fungua loki ya simu, vuta chini sehemu ya arifa, gusa maandishi yanayohusu USB, kisha chagua kuhamisha faili.

Kama huna kompyuta, si lazima uwe nayo. Weka kadi ndani ya simu janja, nakili nyimbo kutoka hifadhi ya simu kwenda kwenye kadi kwa programu ya faili, kisha hamishia kadi redioni. Kutoka simu janja kwenda kitochi, tumia Bluetooth; ni ya polepole lakini inafika. Kati ya simu janja mbili, Xender au Quick Share hurusha haraka zaidi, na kurusha kwenyewe hakuli bando.

Nyimbo zinapigwa ovyo

Umeweka mahubiri sehemu ya kwanza hadi ya kumi, redio inaanza na ya saba. Simu hupanga kwa majina. Redio ndogo nyingi hazijali majina: zinapiga kwa kufuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye kadi. Iliyoingia kwanza inapigwa kwanza. Na ukifuta katikati kisha ukaongeza nyingine, mpya inaweza kukaa kwenye pengo la iliyofutwa.

Dawa yake ni hii. Zipe faili namba za tarakimu tatu: 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 10, vifaa vingi vitaweka 10 kabla ya 2. Kisha anza na kadi tupu, na nakili faili kwa mfuatano unaoutaka, ikibidi moja moja. Kama redio yako ina kitufe cha folda, weka kila kundi kwenye folda yake: kwaya, dansi, vipindi vya kilimo. Usiweke folda ndani ya folda. Redio nyingine hazifiki huko ndani.

Nyimbo za Spotify, Boomplay na YouTube Music

Programu hizi zina kitufe cha kupakua ili usikilize bila bando. Watu hudhani wimbo umeshakuwa mali yao, kisha wanautafuta kwenye programu ya faili wasiuone. Kilichopakuliwa kimefungwa, na kinafunguka ndani ya programu hiyo tu. Hakiwezi kunakiliwa kwenye kadi ya redio. Spotify, iliyofunguliwa Tanzania mwaka 2021, inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo vilivyopakuliwa vinaondolewa. Kwa mtu anayekaa mahali pasipo na mtandao wa uhakika, hilo ni la kuzingatia kabla ya kulipia.

Ukitaka wimbo unaobebeka, tafuta unaotolewa kama faili ya MP3. Mdundo, huduma iliyoanzia Nairobi, inatoa nyimbo za namna hiyo kwa makubaliano na wasanii. Tukumbushane pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye wimbo, na COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia. Kuuza nyimbo za watu bila ruhusa, hata kwa kuingizia wateja kwenye kadi, ni kosa.

Faili zimegeuka njia za mkato

Umetoka kibandani, umechomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, folda zote zimegeuka alama zenye kamshale, na faili zako hazipo. Hicho ni kirusi cha kompyuta. Hakijafuta kitu. Kimezificha faili zako na kuweka njia za mkato mahali pake, ili ukibonyeza kisambae.

Usibonyeze alama hizo. Na usikubali kufomati haraka. Mwombe fundi asafishe kwanza kompyuta yake kwa programu ya kuua virusi, kisha azifichue faili. Kwenye Windows, kama flashi imesomeka kwa herufi E, amri ni hii: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Baada ya hapo faili zitaonekana. Zinakiliwe mahali salama, ndipo flashi ifomatiwe.

Hapa ndipo sauti nyingi zimepotea bila sababu. Mwenye flashi anaambiwa "imeliwa na virusi, tufomati tu", naye anakubali kwa kuwa haoni kitu. Kutokuonekana si kufutika.

Kadi feki

Kuna kadi zilizoandikwa GB 64 au 128 ambazo ndani yake zina nafasi ndogo, labda GB 8. Zimechezewa ili ziidanganye simu. Mwanzoni kila kitu ni sawa. Nafasi halisi ikijaa, kadi inaendelea kupokea nyimbo na kuonyesha majina yake, lakini ukizipiga hazilii, au zinaharibu zile za mwanzo.

Bei ya chini mno kwa kadi kubwa ni dalili ya kwanza. Kwenye kompyuta, programu ya bure ya H2testw inapima kwa kuijaza kadi nzima na kusoma tena kilichoandikwa. Bila kompyuta, ijaze kadi ikiwa mpya kwa nakala za vitu ulivyonavyo pengine, kisha piga za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikilia zote bila kukwama, kadi ni ya kweli. Fanya hivyo mapema, wakati muuzaji bado anakukumbuka.

Utaratibu wa kufuata kila mara

1. Hakikisha kila faili ni MP3. Zilizo za aina nyingine zigeuze.
2. Tumia kadi isiyozidi GB 32, yenye mpango wa FAT32.
3. Zipe faili namba, kisha zinakili kwa mfuatano.
4. Subiri kunakili kuishe. Usichomoe kadi wakati kazi inaendelea. Kwenye kompyuta chagua kutoa kwa usalama. Kwenye simu ingia mipangilio ya hifadhi na uchague kuondoa kadi, au zima simu kwanza.
5. Zijaribu kwenye redio yenyewe kabla hujaondoka kibandani. Beba redio yako kama ni ndogo. Kupiga vizuri kwenye kompyuta ya fundi si ushahidi kwamba itapiga nyumbani.
6. Kwa sauti zisizopatikana tena, weka nakala mbili au zaidi katika vifaa tofauti: moja kwenye kadi ya redio, nyingine kwenye kadi isiyotumika iliyofungwa kwenye nailoni mahali pakavu, na ikiwezekana ya tatu kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Jambo la sita ndilo tunalosisitiza. Kadi moja ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba: inapotea mfukoni, inavunjika ikikaliwa, inaibwa pamoja na simu. Kama kuna sauti ya mzazi kwenye simu yako na haiko mahali pengine popote, inakili leo jioni, kisha mpigie ndugu yako umrushie nakala.